Wanafunzi Wetu Watajifunza Wapi Uongozi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, kila tukaapo barazani baada ya sala ya Isha hatukosi kusikia lalamiko moja, nalo ni kwamba hatuna viongozi. Kamati ya msikiti yagombana. Nyumba ya wakfu yabomoka wala hapana wa kuitengeneza. Madrasa yakosa msimamizi. Na kijana aliyesoma hata akapata shahada amerudi mtaani akaketi, hajui aanzie wapi. Twalalamika, kisha twanywa kahawa, kisha twaenda zetu kulala. Wala hapana hata mmoja wetu aulizaye: Hao viongozi tuwatakao, je, tumewafundisha wapi?

Nahodha hakuujua unahodha kwa kukaa pwani akitazama vyombo vikipita. Alianza utotoni kwa kufua maji ngamani, kisha akashika kamba, kisha akakabidhiwa usukani siku ya bahari shwari, na mwalimu wake amekaa karibu naye. Fundi seremala hakuanza kwa kuchonga mlango wa nakshi. Alianza kwa kuokota takataka za randa. Basi vipi tutaraji ya kuwa kijana ambaye hajapewa kazi yoyote ya watu, wala amana yoyote ya watu, ataamka siku moja akiwa na miaka 40 awe kiongozi? Hili halijapata kuwa, wala halitakuwa.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: uongozi hujifunzwa kwa mikono, hujifunzwa pamoja na wenzi, na hujifunzwa katika kazi ya kuwatumikia watu ambayo leo yafanywa na wiki ijayo yarudiwa. Mwanafunzi asiyepitia hapo, hata akisoma vitabu vya uongozi mpaka vimalizike, atakuwa msemaji tu.

Tutazame mfano wa bwana wetu Mtume (S.A.W.). Katika mwaka wa 5 wa Hijra, ambao ni mwaka 627, makabila yalijikusanya yapata watu 10,000 kuja kuuvamia mji wa Madina, na Waislamu hawakuzidi 3,000. Salman Al-Farsi (R.A.) alitoa rai ya kuchimba handaki, nayo ilikuwa hila ya vita isiyojulikana na Waarabu. Mtume (S.A.W.) aliikubali rai hiyo, ijapokuwa mwenye kuitoa alikuwa mgeni katika mji. Kisha, kama zisemavyo habari za sira, aliwagawa watu makundi ya kumi kumi, kila kundi likapewa kipande cha dhiraa 40. Na yeye mwenyewe akaingia handakini akibeba mchanga, hata vumbi likamfunika tumbo lake, naye amelifunga jiwe kwa ajili ya njaa.

Katika habari hii fupi yamo mambo matatu makubwa. La kwanza, kazi iligawiwa. Hakuambiwa kila mtu achimbe apendapo. Kila kumi walikijua kipande chao, na kikibaki bila kuchimbwa watajulikana ni nani. La pili, rai ilisikizwa, wala haikuulizwa ukoo wa msemaji. La tatu, mkubwa alikuwa ndani ya vumbi pamoja na wadogo. Handaki lile ambalo kumi kumi walikuwa wakichimba kwa njaa lilikuwa pia ni skuli. Vijana waliobeba mchanga ule ndio ambao miaka michache baadaye walikuja kuongoza majeshi na kuhukumu watu.

Sasa tuje kwetu, maana si vizuri kuhadithia ya Madina tukayaacha ya mtaani petu.

Nyote mwaijua homa ya chikungunya. Jina lake latokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa vile mgonjwa hukunjika kwa maumivu ya viungo. Na ilijulikana kwa mara ya kwanza katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Mwaka 2004 iliingia Lamu, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria ya kuwa robo tatu ya watu wa kisiwa waliipata. Mwisho wa mwaka 2017 ikaja Mombasa, ikaendelea mwaka 2018. Mbu ailetaye si yule wa malaria aumaye usiku. Huyu huuma mchana, naye hupenda kutaga katika maji yaliyotulia ya majumbani: mapipa, mitungi, matangi yasiyo na vifuniko. Na mji wetu maji ya mfereji hupotea na kurudi, basi hapana nyumba isiyo na pipa. Lamu mwaka ule wa 2004 ulikuwa mwaka wa ukame, watu wameweka akiba ya maji ndani, na mbu akapata makao.

Yaijue na hii: tangu yai mpaka mbu kuruka ni siku 7 mpaka 10 hivi. Kwa hivyo pipa lililosafishwa Ijumaa hii, lisipotazamwa Ijumaa ya pili, ni kama halikusafishwa. Na mayai yenyewe hushika ukutani mwa pipa, yaweza kukaa makavu kwa miezi, maji yakirudi nayo yaamka. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Yataka kusugua, kisha kufunika. Wala asije mtu akatuambia ya kwamba haya ni kadari, tumtegemee Mungu. Mtume (S.A.W.) alimuamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Mwaka ule wa 2018 darsa yetu iliamua kuwakusanya wanafunzi wa skuli na wa vyuo ili waifanye kazi hii mtaani. Nami nitawasimulia ilivyokuwa bila ya kuficha, kwani nasaha isiyo na ukweli ni maneno matupu.

Tulimchagua mwenyekiti. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na ulimi mtamu. Siku ya kwanza walikuja vijana kama 40, wamevaa fulana za rangi moja. Ilisomwa hotuba, zikapigwa picha, wakaingia nyumba moja baada ya nyumba, wakamwaga na kusugua, na kila nyumba waliyoimaliza wakaandika kwa chaki mlangoni: IMESAFISHWA. Adhuhuri tukala pilau. Tukarudi majumbani tukiwa na furaha, twaona ya kwamba umma umeamka.

Wiki ya pili walikuja 11. Wiki ya tatu walikuja watano. Mwenyekiti aliomba radhi, ana wageni. Wiki ya nne hakuja mtu.

Yapata miezi miwili baadaye tulikwenda kumzuru bibi mmoja wa mtaa ule auzaye mahamri asubuhi, na kwa mahamri hayo amewasomesha wajukuu zake. Tulimkuta kitandani. Homa ilikuwa imekwisha mtoka, lakini vidole vyake havikuweza kukanda unga, na biashara yake ilikuwa imesimama. Hakutulaumu kwa ukali. Alisema tu: “Wanangu, mliniandikia mlangoni kwamba pipa langu ni safi. Nami nikawaamini, sikulitazama tena.”

Mbu aliyemuuma alitoka pipa gani, hilo alijua Mwenyezi Mungu. Huenda alitoka kwake, huenda alitoka kwa jirani. Lakini siku ile tulilifunua pipa la bibi yule tukaona viluwiluwi vikicheza ndani ya maji, na chaki yetu ingali mlangoni.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Sisi hatukuacha tu jema bila ya kulitenda. Tuliwapa watu amani ya uongo. Lau tusingalikwenda kabisa, huenda bibi yule angalilitazama pipa lake mwenyewe. Hii ndiyo hatari ya kazi ya siku moja ifanywayo ili ionekane: yamuondolea mtu hadhari yake, kisha haimpi kinga.

Mmeijua habari ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) aliweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, na amiri wao Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamrisha wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona ushindi umeingia, wengi wao walishuka kukimbilia ngawira, akabaki amiri na wachache kama kumi. Msiba wa siku ile uliingia kwa pengo hilo. Hawakuwa watu waovu wale. Walidhani tu ya kuwa kazi imekwisha. Nasi tulipokula pilau yetu tulidhani kazi imekwisha.

Basi ni nani aliyeirudisha kazi yetu? Si mwenyekiti, wala si mimi. Ni kijana mmoja wa kidato cha tatu, mnyamavu, katika wale watano wa wiki ya tatu. Alikuja baada ya sala ya Alasiri na daftari kwapani, akasema: “Maalim, mtaa mzima hatuuwezi. Tupeni nyumba kumi, sisi wanne. Nyumba kumi tutazijua.” Kisha akaomba fedha kidogo katika sanduku la darsa za kununulia nyavu za kufunikia mapipa yasiyo na vifuniko.

Nasi wazee tukamwambia asubiri, kamati italitazama jambo lake. Kamati ilikaa wiki tatu. Wazee wengine walisema ni mtoto, fedha zitapotea. Mwingine aliuliza baba yake ni nani. Na ufunguo wa sanduku hilo, ndugu zangu, ulikuwa mfukoni mwangu mimi. Fedha zenyewe hazikufika thamani ya nyama ya pilau ile tuliyokula siku moja. Namuomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Katika mwaka wa 11 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimteua Usama bin Zayd (R.A.) kuwa amiri wa jeshi, na humo wamo wakubwa wa Masahaba, ilhali Usama, kwa kauli zilizo mashuhuri, alikuwa hajapita miaka 20. Watu walinong’ona juu ya ujana wake, na Mtume (S.A.W.) akawakemea. Alipofariki Mtume (S.A.W.), Sayyidna Abubakar (R.A.) alilitoa jeshi lile lile na amiri yule yule, akatoka kumsindikiza, Usama juu ya mnyama na Khalifa akitembea kwa miguu. Na alipotaka Sayyidna Umar (R.A.) abaki Madina amsaidie, hakumchukua kwa nguvu; alimuomba ruhusa Usama. Khalifa wa Waislamu amemuomba ruhusa kijana, kwa kuwa kijana ndiye mwenye amri ya jeshi. Nasi twamnyima kijana nyavu za mapipa!

Mwisho tulimpa. Na mambo niliyoyaona tangu siku ile yamenifundisha kuliko niliyoyasoma.

Kwanza, wale wanne walimchagua amiri wao wenyewe, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa hata watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Walimchagua yule mnyamavu, naye hakuuomba. Na hili ndilo alilousiwa Abdurrahman bin Samura (R.A.): asiutafute uamiri, kwani aupataye kwa kuuomba huachiwa nao peke yake, na apewaye bila ya kuomba husaidiwa.

Pili, walipogonga milango, nyumba nyingi mapipa yalikuwa uani, kwa wanawake, na vijana wa kiume hawakuweza kupita. Kazi ingalikwama hapo. Amiri akaja kushauri, ndipo dada zake wawili na wenzao wa madrasa wakaingizwa katika kundi. Tangu hapo uani kulitazamwa, na mama wa nyumba wakasikiliza, kwa kuwa aliyesema nao alikuwa binti yao. Asije mtu akasema ya kuwa hili ni jambo geni. Rufaida Al-Aslamiyya (R.A.) alikuwa na hema lake msikitini mwa Mtume (S.A.W.) akitibu majeruhi, na baada ya vita vya Handaki ndimo alimowekwa Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa.

Tatu, mmoja wao aliandika daftarini ya kuwa ameitazama nyumba ambayo hakuifika. Amiri aligundua. Lau ni sisi tungalimfukuza mbele ya watu, au tungalinyamaza kwa kumuonea haya baba yake. Yeye alimwita faraghani, akamwambia ukweli, kisha wiki mbili akafuatana naye nyumba kwa nyumba. Kijana yule yumo kundini, na daftari lake halijatiwa shaka tena. Niulizeni: hekima hii ameisoma kitabu gani? Ameisoma mlangoni mwa watu, kwa sababu alijua ya kuwa nyumba iliyoandikwa uongo ina mtu ndani yake.

Nne, kila Ijumaa baada ya Alasiri husimama mbele ya wazee kwa dakika chache tu: nyumba ngapi zimetazamwa, ngapi hazikufunguliwa, mapipa mangapi yamekutwa na viluwiluwi, fedha ngapi zimetumika na ngapi zimebaki. Chaki hawaandiki tena IMESAFISHWA. Huandika tarehe, ili mwenye nyumba ajue siku zimepita ngapi. Jambo dogo hili la tarehe, ndugu zangu, ndilo tofauti ya kiongozi na mtaka sifa. Mtaka sifa hukwambia alichokifanya; kiongozi hukwambia alikifanya lini na kitahitajiwa tena lini.

Nyumba kumi zikawa ishirini, kwa kundi la pili lenye amiri wake. Sisemi ya kwamba homa imeondoka mjini. Nikisema hivyo nitakuwa nimeandika chaki nyingine ya uongo. Nasema ya kuwa mtaa ule wana vijana ambao wakiahidi, watu hufungua milango.

Mtaala wa umilisi ulioanza mashuleni mwaka 2019 umeyatia mafunzo ya kuitumikia jamii katika masomo ya watoto wetu. Hii ni fursa. Lakini nachelea tusije tukaigeuza kuwa fulana na picha, mwanafunzi akapata maksi na mtaa usipate kitu. Skuli itawapa somo. Mtaa wa kulitendea somo hilo ni wetu, na wazee wa kuwasikiliza ni sisi.

Basi enyi wazee wangu, nawausia na nafsi yangu kwanza. Kila madrasa na kila darsa na iwatafutie wanafunzi wake kazi moja ya watu, ndogo, yenye mpaka unaojulikana: nyumba kumi, au kisima kimoja, au njia moja ya maji machafu, au watoto kumi wasiojua kusoma. Wapeni amiri kwa hiari yao. Wapeni fedha kidogo na daftari, kisha wahesabieni kwa upole na kwa ukweli. Wakikosea msiwanyang’anye kazi; yule aliyekosea akarudi ni bora kwenu kuliko yule ambaye hakupewa nafasi ya kukosea. Na ufunguo wa sanduku, utoeni mfukoni.

Nanyi wanangu mnaosoma, msingojee kuitwa wenyekiti. Kuondoa cha kudhuru njiani ni tanzu katika tanzu za imani, na pipa la maji lenye viluwiluwi ladhuru kuliko mwiba. Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan alikuwa mkimbizi, amechoka, hana mtu, akawaona wanawake wawili hawapati kunywesha wanyama wao, akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini akimuomba Mola wake. Hakungoja malipo wala hakuandika jina lake kisimani. Na kwa kazi ile alishuhudiwa sifa mbili, nguvu na uaminifu, kabla hajapewa utume. Nanyi tafuteni sifa hizo mbili, na mahali pa kuzitafutia ni pale penye watu wenye haja.

Na kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hatutaulizwa ni picha ngapi tulipiga. Tutaulizwa juu ya yule aliyetuamini.

Bibi yule alirudi kukanda mahamri yake, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ijapokuwa vidole havijawa kama zamani. Kila Ijumaa binti mmoja wa madrasa huingia uani kwake, akalifunua pipa, akatazama, akaandika tarehe. Na bibi, kila Ijumaa, hulifunua yeye pia na kutazama baada yake. Hatumkatazi. Imani iliyovunjwa kwa siku moja hairudi kwa siku moja, na vijana wetu wanajifunza hilo pia.

Ewe Mola wetu, waongoze vijana wetu, uwatie nguvu na uaminifu, utuepushe na riya, na utujaalie tuwe wenye kuzitimiza ahadi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.